Wageni wa Kuonja

Granada, mwezi wa Juni

Mdogo wangu Nassor,

Assalaam aleikum. Nataraji barua hii itakukuta na afya njema, wewe na mkeo na wanao, na magari yako ya kupeleka watalii mchangani yanakwenda bila ya kuzama. Sisi huku tuzima, alhamdulillahi. Mwanangu Rahma hajambo, mumewe hajambo, na mjukuu wangu keshaota meno mawili na anamuuma kila anayempakata, hata bibi yake hamstahi. Mie magoti ndiyo yanayonisumbua, maana tunakaa juu kabisa na lifti hamna. Jirani wa chini hatusalimii tangu siku niliyofukiza udi tulipomtoa mtoto arubaini. Alikwenda kushitaki kwa mwenye nyumba kwamba tunachoma kitu. Karibu mwaka sasa tangu nije kumlea mzazi. Mzazi keshanyanyuka, karudi chuoni kwake, na mie ndiye niliyebaki na mtoto.

Nakwandikia kwa sababu kwenye simu husikii. Nikisema neno, wewe uko barabarani. Nikisema la pili, unamjibu dereva wako. Nikisema la tatu, laini imekatika. Na siku ile uliponipigia kunituma, hata shikamoo uliisahau, ukaanza moja kwa moja na "Dada, sikiliza." Basi leo sikiliza wewe. Barua hii anakuja nayo mwenzake Rahma wa chuoni, anayekuja likizo huko Omani, kwao Sinaw, na nimemwambia aitie mkononi mwako mwenyewe, asimwachie mtu yeyote ofisini.

Jambo lenyewe nitalieleza kama ulivyolieleza wewe, usije ukasema nimelipindua. Ulipata mteja, mwanamke wa mji huu huu, ukampeleka mchangani, na usiku mmekaa kwenye hema akakuhadithia kwamba kwao jioni watalii hutembezwa kwa miguu kutoka mkahawa hadi mkahawa, kila pahala wakaonjeshwa vijisahani, wenyewe wanaviita tapas. Ukapendezwa. Ukasema na Ibra yetu ifanywe vivyo hivyo: kahawa kwenye lango la hara, ule mtaa wa zamani, halua kwa yule muuzaji wa pembeni ya soko, halafu jikoni kwa Mama, kisha tende kwenye ukingo wa mfereji wa falaj, na watu wapande gari waende zao. Jikoni kwa Mama ndipo pahala pakubwa. Wali wa nazi na mchuzi wa papa, kidogo kidogo kwenye vibakuli, na bibi wa Unguja mwenyewe mbele ya moto wa kuni. Na kwa kuwa nyumba ile Baba katuachia sote wawili, ukataka neno langu kabla ya kikundi cha kwanza kuja baridi ikianza. Ukanambia Mama kakubali. Ukanambia mteja wako keshatuwekea nafasi mie na Rahma, niende nikaone kwa macho yangu, nikirudi nitakuwa radhi.

Haya, nimekwenda na nimerudi. Si radhi.

Sasa nikwambie nilivyokwenda, na hili wewe utalifahamu kuliko mtu mwengine, maana tumelelewa nyumba moja. Siku ile sikula tangu asubuhi. Nilikunywa chai kavu tu, na Rahma nikamkataza asile, kwani tumealikwa chakula cha jioni, na sie tumefunzwa kwamba ukialikwa unakwenda na tumbo tupu ili mwenye nyumba asione chakula chake kimebaki. Nikavaa buibui langu la sikukuu. Nikachukua na kikopo cha halua, ile uliyoniletea mwenyewe, cha mwisho nilichokuwa nacho kabatini, maana siwezi kuingia nyumba ya mtu na mikono mitupu.

Tukakutana na wenzetu kwenye uwanja wenye chemchemi. Kiongozi wetu msichana mwembamba, jina lake Nuria, kanyanyua mwavuli mwekundu juu na mvua haipo, ati tusipotee. Walikuwapo Waingereza, mke na mume watu wazima, na Waholanzi wanne, na kila mmoja kamera shingoni. Nuria akatubandika karatasi za majina vifuani. Na mie nikabandikwa, juu ya buibui langu. Sijabandikwa kitu mwilini tangu nilipochanjwa ndui skuli.

Nyumba ya kwanza tulipofika mlangoni nikasita. Mapaja ya nguruwe, Nassor, yananing'inia darini kama nguo za kuanikwa, na chini ya kila paja kikombe kidogo cha kukingia mafuta yasiwadondokee watu vichwani. Nikasoma niliyojaaliwa kusoma, nikavuta buibui, nikaingia. Watu wote wamesimama. Wanakula wamesimama, wanakunywa mvinyo wamesimama, na karatasi za kufutia mikono wanazitupa chini, sakafu nzima imejaa, na hakuna anayeona ni kitu. Rahma akamueleza Nuria kwamba sie hatuli nguruwe wala hatunywi. Akasema hapana taabu, tukaletewa zeituni na mkate.

Hapo ndipo nilipokosea. Nikajua hii ni fuala. Si kwetu mgeni huanza na tende na halua na vikombe vya kahawa, vitu vya kuchangamsha mdomo, kisha ndipo sinia linapoingia? Na mgeni aliyelelewa hajazi tumbo kwa fuala. Basi nikala zeituni mbili tatu, nikafuta mkono, nikangoja. Nuria akapiga makofi, akanyanyua mwavuli, tukatoka.

Nikasema moyoni, kumbe chakula kiko nyumba ya pili. Nyumba ya pili wakaleta konokono kwenye bakuli na vijiti vya kuwachokolea. Yule Mwingereza mwanamme alikuwa akiwavuta na kuwameza, mkewe anampiga picha. Mie na Rahma tukapewa mabilingani ya kukaanga yaliyomiminiwa asali. Mazuri, sitamdhulumu mtu haki yake, na njaa ilikuwa inaniuma. Lakini nikala kipande kimoja tu na kingine nikakiacha, maana hii bado fuala, na mbele kuna wali. Kumuuliza Rahma nikaona aibu. Mgeni haulizi chakula kiko wapi. Nilitafuta pa kukaa hapana, nikaegemea ukuta, na magoti yangu unayajua.

Tukatoka tena. Njiani Nuria akatusimamisha chini ya tao la zamani la matofali, akaanza kuhadithia kwamba limejengwa na Waarabu waliokuwa wakiutawala mji huu, kisha wakatolewa, na nyumba zao zikachukuliwa na wengine. Alikuwa akisimulia vizuri, mpaka akanigeukia. Akawaambia wenziwe kwamba leo tuna bahati kubwa, tunaye mmoja wao, karudi kidogo pale alipotoka. Akanishika mkono akanisimamisha katikati ya tao. Rahma uso umemuiva, huku ananifasiria kwamba wanaomba niseme neno lolote kwa Kiarabu.

Mie mzaliwa wa Malindi, Unguja. Nimekuja Ibra msichana wa ungo, siku hizo hata neno la kuombea maji kwa Kiarabu sijui. Sasa nimesimama chini ya tao la watu nisiowajua, nimebandikwa jina kifuani, na kamera sita zinanitazama. Nikasema, "Astaghfirullah." Wakapiga makofi. Yule mwanamke wa Kiholanzi akaniomba nirudie, kwa sababu kamera yake haikushika.

Usicheke, Nassor. Najua unacheka. Rahma naye alicheka baadaye nyumbani alipomhadithia mumewe, na mie nilicheka nao kwa nje.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ndani ya kichochoro, na nilipoona meza na viti nikamshukuru Mungu, na harufu ya chakula cha kupikwa khasa inatoka nyuma ya pazia. Nikasema hapa ndipo. Nikakaa nikavua viatu chini ya meza kupumzisha miguu. Wakaleta kibakuli cha udongo kwa kila mtu, ndani mna dengu na mchicha, kiasi cha vijiko viwili. Nikaonja nikaweka kijiko. Nikangoja sinia.

Badala ya sinia Nuria akasimama mbele ya lile pazia, akasema maneno mengi, Rahma akanifasiria. Nyuma ya pazia hili yuko Bibi Encarna, mama wa mwenye mkahawa, anapika hapa tangu yuko mtoto, hajawahi kupumzika, na mikono yake ndiyo siri ya nyumba hii. Kisha akalivuta pazia kwa mkono mmoja.

Bibi mwenyewe alikuwa ameinamia sufuria. Kizee, mdogo wa umbo, na gauni jeusi na aproni. Mwangaza wa kamera ukampiga, akafumba macho, lakini hakunyanyua uso wala hakugeuka. Ameshazoea. Ndivyo nilivyoona mie, kwamba ameshazoea, na ndilo lililonichoma. Wakampiga picha mgongo, wakampiga mikono, yule Mwingereza akanyoosha kamera ndani kabisa akampiga na sufuria lake. Hakuna hata mmoja aliyemwambia hujambo. Wamekula chakula chake na hawajamwambia hujambo.

Nikavaa viatu, nikachukua kikopo changu cha halua, nikaingia jikoni. Nuria akaniita, nikajifanya kiziwi. Mie siwezi kukaa nyumba ya watu nikala nisimsalimu mwenye jiko. Nikamshika mkono yule bibi nikaubusu kama tunavyowabusu wakubwa zetu, nikampa halua yangu. Alishituka. Akafuta mikono kwenye aproni, akakitazama kikopo, akanitazama mie, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuniachia. Akasema neno. Rahma kasimama mlangoni, akanambia, "Anakuuliza kama umekula."

Nikamwambia Rahma amwambie kweli, kwamba bado. Basi bibi akatoa chini ya meza kigoda, akanikalisha, akapakua dengu bakuli zima kutoka sufuria nyingine ndogo iliyokuwa pembeni, nadhani ni chakula chake mwenyewe, akakata mkate, akakaa mbele yangu na yeye. Dengu zenyewe kama dango letu la kuchemsha tu, zina kitunguu thomu na bizari. Nimekula vijiko vitatu vinne na mwavuli ukatokea kwenye pazia. Nuria alikuwa na adabu, alisema samahani mara nyingi, lakini muda umekwisha na kikundi chengine kiko mlangoni kinataka kuingia. Rahma akanivuta mkono: "Mama, twende tu, watu inangoja." Nikanyanyuka, bakuli limejaa. Yule bibi akalitazama bakuli lile, akalichukua akalifunika na sahani, akarudi kwenye sufuria zake. Nilimwachia chakula chake mbele ya macho yake, Nassor, mie mwana wa Bi Zuwena.

Nje Nuria akatushukuru, akatutakia usiku mwema. Watu wakapeana mikono wakatawanyika. Mie nimesimama pale pale. Nikamuuliza Rahma, "Na wali?" Akasema, "Mama, chakula ndo hiyo, imeisha." Akaanza kucheka, akacheka hata machozi yakamtoka, kisha akaniona uso wangu akaacha. Alhamdulillahi siku za huku ndefu, Magharibi niliiwahi nyumbani. Baada ya kusali tukakaanga mayai tukala na mkate wa jana.

Sasa nikwambie nilichokiona jikoni kwa yule bibi. Nilimuona Mama. Nilimuona amefunikwa kanga mpya uliyomnunulia kwa ajili ya wageni, na wewe umesimama mlangoni na Kiingereza chako ulichokisomea Nairobi, unawaambia Waholanzi kwamba bibi huyu katoka Zanzibar na mikono yake ndiyo siri ya nyumba hii. Unataka jiko la gesi lifichwe, apulize kuni, ati wageni wanapenda moshi. Jiko lile umemnunulia wewe mwenyewe alipokuwa mgonjwa wa kifua, na daktari alisema moshi basi. Au kifua kimepona kwa sababu msimu wa watalii unakuja?

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki miaka yetu ya mwanzo Ibra. Mie nakumbuka. Wanawake wa hara walikuwa wakija mlangoni kwetu kuchungulia Mama anapika nini. Walikuwa wakicheka wali kutiwa nazi, wakicheka Kiarabu chake, wakimwita yule Mzinjibari kama kwamba hana jina. Mama akatia komeo mlango wa jikoni, akawa anapika kajifungia, na joto la Ibra unalijua. Alifungua komeo lile siku aliyowapikia wanawake hao hao khitma ya Baba, wakala wakaomba waongezwe, na kutoka siku ile wakawa wanakuja kujifunza. Alilipata jina lake kwa taabu. Na wewe sasa unataka kumrudisha awe wa kuchunguliwa, safari hii na watu ambao hata jina lake hawatalikumbuka wakifika kwenye gari.

Hayo yote nilikuwa nimeshayapanga kichwani. Nikasema kwanza nimpigie Mama, nimueleze, akishasikia atakasirika, na akikasirika yeye habari imekwisha, maana wewe mie hunisikilizi lakini Mama unamwogopa. Nikampigia asubuhi yake, wewe uko kazini. Nikamhadithia yote, mapaja ya nguruwe na konokono na tao na yule bibi nyuma ya pazia. Alicheka kwenye konokono. Kwa yule bibi hakucheka. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitaraji. Akauliza, hao wageni, kila nyumba walikuwa wakikaa muda gani?

Nikamwambia, "Hawakai, Mama. Nusu saa, wanaonja, wanaondoka."

Akasema, "Nusu saa nyingi, mwanangu."

Nikadhani hajanisikia. Nikamwambia tena kwamba hawaji kumzuru yeye, wanakuja kuonja na kupiga picha. Akasema amenisikia vizuri, masikio yake hayajambo. Nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sitapunguza:

"Nassor huja Ijumaa baada ya sala. Husimama pale ukumbini na ufunguo wa gari mkononi. Namtilia kahawa, anakunywa kikombe kimoja, anakitikisa nisimtilie tena, anachukua tende, ananambia Mama nina watu wananingoja. Na mie wali nimeshaupika, uko jikoni umefunikwa kawa. Anajua kama nimepika, harufu anaisikia. Akishaondoka nampelekea Mbangali wa bustani, naye masikini hula peke yake bustanini. Basi hao Wazungu waje. Watakaa chini nusu saa. Mie nitawapikia."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu ulipofungua ile biashara ya mchangani. Nikamuuliza kwa nini hakukwambia. Akasema mtu mzima haombwi kula.

Umefahamu, Nassor? Mie niliona taabu kungojea sinia jioni moja, nikarudi na hasira za kukwandikia karatasi nne. Mama anakungojea na sinia lake kila Ijumaa miaka yote hii, na wewe unakula fuala na kuondoka. Unakwenda kuwafunza watu wa dunia nzima wakaonje chakula cha mama yako, na wewe mwenyewe ladha yake umeisahau. Hebu nambie mchuzi wa papa aliopika Ijumaa iliyopita ulikuwa na ndimu au na embe mbichi. Huna jibu. Mbangali analo.

Usinambie na mie niko wapi. Najua niko wapi, niko juu ya ngazi za watu namlea mjukuu, na nimeshamwambia Rahma atafute mtu wa kukaa na mtoto kwa sababu mie narudi. Lakini mie niko mbali kwa bahari na jangwa, na wewe nyumba yako na ya Mama unazitazama kwa jicho moja ukisimama kwenye kidato cha msikiti.

Neno langu ulilokuwa ukilitaka, hili hapa. Nilikuwa nikwambie hapana, na hapana hiyo nilikuwa nayo tayari tangu pale chini ya tao. Sasa siwezi kuitoa, kwa kuwa mwenye jiko anawataka wageni, na mie siwezi kumfungia mlango nikamwacha na kawa lake. Basi waje. Lakini jiko la gesi halitoki pale lilipo. Hapana pazia, hapana mtu kuingiza kamera jikoni, na anayetaka kumtazama Mama amsalimu kwanza, wewe uwafundishe hiyo salamu ndani ya gari wakiwa njiani, watajifunza, hawashindwi. Na si vibakuli. Mkeka utandikwe na sinia litoke zima, watu wakae wale mpaka washibe, hata kama tende zako za falaj zitawangoja mpaka kesho. Na wewe ukae nao, mkono wako uwe wa kwanza kwenye wali. Ukiona hayo yanakuvurugia biashara, basi kituo chako kikubwa kitafute kwa mama wa mtu mwengine, nami nusu yangu ya nyumba ile nitaikalia mlangoni na bakora.

Hayo ya baridi ikianza. Ijumaa hii ni habari nyengine. Barua hii ukishaipata hapatakuwa na udhuru wa watu wanaokungoja, kwa sababu msimu wa watalii umekwisha, jua la Ibra mwezi huu hakuna Mzungu anayeliweza, na mie hilo nalijua vizuri kama wewe.

Nisalimie mkeo, umwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata lakini rangi ile hawana, nimechukua inayokaribia. Nisalimie wanao mmoja mmoja kwa jina, na yule mkubwa umwambie aache kuniandikia kwa Kiingereza, shangazi yake Kiswahili chake bado hakijachacha. Msalimie shangazi yetu wa Nizwa ukienda, na umpe pole ya jicho. Msalimie jirani yetu wa ukuta mmoja, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita Mama kwa jina lake. Na Mbangali wa bustani mpe salamu zangu, umwambie Ijumaa hii aje ale ukumbini pamoja nanyi, asingojee kupelekewa.

Mama hajui kama nimekwandikia haya, na usimwambie. Akikuuliza mbona leo umekaa, mwambie una njaa.

Dada yako,
Salma